Kuta Zisizo na Adui: Jinsi ya Kuyasoma Malango na Mipaka ya Majumba ya Makabaila wa Uingereza

Ukitoka mji wa York kuelekea Malton, kaskazini mwa Uingereza, kisha ukaiacha barabara kuu na kukata kushoto, utaingia kwenye njia nyembamba iliyonyooka. Inapanda kilima, inashuka, inapanda tena, wala haikwepi mwinuko wowote. Baada ya mwendo mfupi unakuta ukuta wa mawe umeikatiza barabara: una meno ya ngome juu, minara ya duara kwenye ncha zake, na tao moja tu la kupita. Hilo ni lango la Carrmire. Mbele kuna ukuta mwingine, mrefu kuliko wa kwanza, wenye mfululizo wa minara, na katikati yake lango lililobeba piramidi. Jumba lenyewe, Castle Howard, bado halijaonekana.

Anayefika hapo mara ya kwanza atadhani palipiganwa vita. Hapakupiganwa. Lango la piramidi lilijengwa mwaka 1719, na la Carrmire likafuata mnamo 1730. Kufikia wakati huo ilikuwa imepita zaidi ya karne nzima tangu mizinga izifanye kuta za namna hiyo zisifae kwa ulinzi. Aliyezijenga alilijua hilo, na aliyelipia alilijua pia.

Kwa nini basi tajiri agharimie ngome ya kumzuia adui asiyekuwepo? Swali hili huwachanganya wengi kwa sababu tunasema “ukuta” na “lango” kana kwamba ni vitu vya aina moja. Katika milki ya kabaila wa Kiingereza kulikuwa na kuta za kazi mbalimbali, na mara nyingi zilijengwa na vizazi vilivyopishana kwa miaka mia au zaidi. Upo ukuta wa kujionyesha, ukuta wa wanyama, ukuta wa kuwaweka majirani nje, ukuta wa kuivisha matunda, na hata ukuta uliozamishwa ardhini ili usionekane. Watalii wengi huzipita kuta hizo mbio ili wawahi kuona sebule zenye dhahabu. Naamini wanapitwa na sehemu inayosema kweli zaidi kuhusu watu walioishi humo na watu walioishi nje.

Kibali cha kuweka meno

Tuanze na hayo meno. Katika Zama za Kati, mtu wa Uingereza aliyetaka kuizungushia nyumba yake ukuta wenye meno ya kujikinga wapiga mishale aliomba kibali cha mfalme. Mamia ya vibali vilitolewa kati ya karne ya 13 na ya 16. Kwa muda mrefu wanahistoria walivitazama kama leseni za kijeshi, njia ya mfalme ya kuwabana makabaila wasije wakamwasi. Siku hizi watafiti wengi wana mtazamo mwingine: kibali kilikuwa heshima. Aliyekipata alikuwa ametambuliwa na mfalme kuwa mtu wa daraja, na meno ya ukuta wake yaliwatangazia hilo wote waliopita njia ile.

Stokesay, katika kaunti ya Shropshire karibu na mpaka wa Wales, inalionyesha jambo hili vizuri. Laurence wa Ludlow alipata kibali mwaka 1291. Hakuwa mtu wa upanga; alikuwa mfanyabiashara wa sufu, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi katika zama zake, na alijenga ukumbi wenye madirisha mapana ambayo hakuna jemadari angeyakubali. Lango linaloonekana hapo leo ni la baadaye, la mnamo 1640. Limejengwa kwa mbao na lipu ya manjano, na mbao zake zimechongwa sura za watu, Adamu na Hawa wakiwamo. Vita kati ya mfalme na Bunge vilipofika huko mwaka 1645, Stokesay ilisalimu amri bila kupigana. Lango lile halikujengwa lizuie jeshi. Lilijengwa ili mgeni asimame chini yake, ainue macho, aone nakshi.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Layer Marney, huko Essex. Henry, Lodi Marney, mtu wa karibu wa Mfalme Henry VIII, alikusudia jumba kubwa la matofali, na katika ujenzi wake akalitanguliza lango. Minara yake inafikia mita 24 hivi, yenye ghorofa nane, na juu imepambwa kwa udongo wa kuchoma uliofinyangwa kwa mitindo iliyotoka Italia, jambo geni kabisa Uingereza wakati huo. Henry alifariki mwaka 1523. Mwanawe John akamfuata mwaka 1525 bila kuacha mtoto wa kiume. Ujenzi ukakoma. Lango lipo mpaka leo, refu kuliko malango yote ya nyumba za Kiingereza za zama zile, na jumba lililokusudiwa nyuma yake halikukamilika kamwe. Mtu anayetaka kulala hujenga chumba kwanza. Lodi Marney alitanguliza lango kwa sababu, nadhani, ndilo ambalo wenzake wangeliona kabla ya kitu kingine chochote.

Lipo pia lango la Lanhydrock, Cornwall, lililomalizika mwaka 1651, dogo na zuri sana. Moto wa mwaka 1881 uliteketeza sehemu kubwa ya jumba; lango likabaki salama kwa kuwa lilisimama mbali na nyumba.

Mwandishi wa tamthilia aliyejenga ngome

Sasa turudi Castle Howard, maana hapo ndipo mchezo huu ulipofikia kilele.

Mwaka 1699 Charles Howard, Earl wa tatu wa Carlisle, alimpa kazi ya kubuni jumba lake mtu ambaye hakuwa amejenga hata kibanda. Huyo alikuwa John Vanbrugh. Alikuwa amepitia jeshini, alikuwa amefungwa Ufaransa kwa miaka kadhaa, ikiwamo muda katika gereza la Bastille, na London alijulikana kwa tamthilia zake za kuchekesha. Ujanani alifanya kazi Surat, ile bandari ya Gujarati ambayo majahazi yaliiunganisha na pwani ya Afrika Mashariki. Aliyemsaidia kuyageuza mawazo kuwa mawe ni Nicholas Hawksmoor, aliyelelewa kikazi katika ofisi ya msanifu majengo mashuhuri Christopher Wren. Lango la piramidi ni la Vanbrugh. La Carrmire ni la Hawksmoor.

Ukikumbuka kwamba Vanbrugh alikuwa mtu wa jukwaa, barabara ile inafahamika mara moja. Njia ya miti ina urefu wa karibu kilomita nane. Mgeni aliyekuja kwa gari la farasi aliona tao la kwanza, akalipita, akadhani amefika. Kumbe juu ya kilima mbele yake kuna piramidi imechorwa dhidi ya anga. Akaipanda, akaipita, akaona mnara mrefu wa mawe uliochongoka, wa mwaka 1714, umesimama njia panda. Hapo ndipo alipogeuza kulia na hatimaye kuliona jumba. Kila lango linaahidi na kuahirisha. Barabara haikukwepa vilima kwa sababu vilima vilihitajika: ukishuka bondeni lango linapotea, ukipanda linatokea tena, limekua.

Meno na minara je? Cheo cha Earl wa Carlisle kilitolewa kwa ukoo huu mwaka 1661, yaani hata nusu karne haikuwa imetimia jumba lilipoanza. Nyumba yenyewe ilikuwa mpya kabisa, ya mtindo ambao wengi hawakuwa wamewahi kuuona. Kuta zile za kujifanya za kale ziliipa umri. Zilimwambia mgeni kwamba ukoo huu ulikuwapo hapa tangu enzi za mikuki, na kwamba lile jumba la kisasa limechipuka ndani ya ngome ya mababu. Kulikuwa na ukweli fulani ndani yake, kwa maana hapo palisimama kasri la zamani la Henderskelfe. Lakini kasri hilo liliondolewa, na kijiji cha Henderskelfe nacho kikafutwa ili kupisha jumba na bustani. Wakati ngome ya uongo inajengwa, makazi ya kweli yalikuwa yanabomolewa, na mimi siwezi kuitazama minara ile bila kuyafikiria mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mwaka 1731 Earl alichonga maandishi kwenye ule mnara wa njia panda akieleza kwamba alijenga kasri mahali lilipokuwa la Henderskelfe, na kwamba yeye ndiye aliyepanda miti yote na kujenga kazi zote za nje za milki hiyo, akianza mwaka 1702. Ni jambo la kutiliwa maanani kwamba mtu mwenye jumba kama lile alihesabu miti na kuta za nje kuwa fahari inayostahili kuchongwa kwenye jiwe. Kwake, mpaka ulikuwa sehemu ya jengo.

Mwaka 1756 lango la piramidi liliongezewa mabawa mawili na kufanywa nyumba ya wageni, kwa ajili ya watu waliokuja kulitazama jumba.

Waliobaki upande wa nje

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba kuta zote hizi ni maonyesho tu. Sivyo. Ukuta wa kujionyesha kwa kawaida uko langoni na pembeni mwa barabara. Ukienda porini, mbali na macho ya wageni, unakutana na ukuta wa kazi.

Mzee kuliko wote ni mpaka wa mbuga ya kulungu. Makabaila wa Zama za Kati walizungushia misitu yao mtaro kwa ndani, tuta la udongo juu yake, na uzio wa mbao za mwaloni juu ya tuta. Kulungu aliye ndani alilazimika kuruka kutoka chini ya mtaro, na hakuweza. Mahali pengine waliacha sehemu iliyoinuliwa kwa nje ili kulungu wa porini aweze kurukia ndani asiweze kutoka. Huo ulikuwa mtego, na ulihitaji ruhusa ya mfalme kwa kuwa wengi wa wanyama wale walihesabiwa kuwa wake. Nyama ya kulungu ilikuwa zawadi ya watu wa daraja kwa wenzao, si bidhaa ya sokoni. Kwa hiyo uzio ule haukuzuia wanyama peke yao. Ulizuia pia mwanakijiji mwenye njaa.

Taratibu uzio wa mbao ukapishwa na mawe au matofali, na kilichofungiwa kikaongezeka. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kufunga ardhi iliyotumiwa na wanavijiji kwa pamoja kwa malisho, kuni na kilimo. Zilihusu ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya ardhi yote ya Uingereza. Si kila ukuta wa milki ulitokana na sheria hizo. Lakini ukiuona ukuta mrefu wa karne ya 18 ukikata mashamba kwa kilomita kadhaa bila pengo, ni halali kuuliza ni njia gani ilipita hapo kabla. Tangu mwaka 1773 mahakimu wawili wa kaunti waliweza kutia saini amri ya kuihamisha au kuifunga barabara, na mahakimu wa kaunti walikuwa makabaila wenyewe au rafiki zao.

Wapo waliohamisha mji mzima. Huko Dorset, Joseph Damer, Lodi Milton, aliuondoa mji mdogo wa soko uliokuwa karibu mno na nyumba yake, akajenga mnamo 1780 kijiji kipya cha Milton Abbas mbali na macho yake: nyumba nyeupe za makuti ya nyasi, zinazofanana, zimepangwa pande mbili za njia. Leo watu huenda kukipiga picha kwa uzuri wake. Ni kizuri kweli. Kilijengwa ili bwana asiwaone wakazi wake.

Sheria iliulinda ukuta kwa ukali unaotisha. Mwaka 1723 Bunge lilipitisha sheria iliyoitwa Black Act, iliyofanya makosa kama kuwinda kulungu kwa silaha huku umepaka uso masizi kuwa ya kunyongwa. Ilidumu karne nzima, hadi 1823. Ndani ya misitu iliyozungushiwa kuta waliweka mitego ya chuma ya kukamata mguu wa mtu na bunduki zilizofyatuka zenyewe kwa kamba. Bunge lilipiga marufuku mambo hayo mwaka 1827.

Kipo kisa kimoja cha ukuta kushindwa, na ni vigumu kukipita ingawa kinahusu mbuga ya mfalme badala ya jumba la kabaila. Mwaka 1637 Mfalme Charles I alijenga ukuta wa takriban kilomita 13 kuizunguka Richmond Park, magharibi mwa London. Ndani yake alifungia ardhi ya watu na malisho ya jumuiya, na manung'uniko yalipozidi aliacha njia za watu kupita. Zaidi ya karne baadaye, binti wa mfalme aitwaye Amelia alikabidhiwa usimamizi wa mbuga, akaifunga kwa wote wasio na tiketi zake. John Lewis, mpika bia wa Richmond, alikwenda langoni akataka kuingia kama ilivyokuwa desturi. Bawabu, mwanamke, alimfungia lango. Lewis akashtaki.

Mwaka 1758 alishinda. Hakimu Michael Foster alimpa hiari: atake mlango au ngazi ya kupandia ukuta? Lewis alichagua ngazi. Sababu yake ilikuwa ya busara sana: mlango unaweza kufungwa, na siku zikipita ukabaki umefungwa, watu wakasahau kwamba walikuwa na haki. Ngazi haina komeo. Wasimamizi walijenga ngazi yenye vipago vilivyoachana mno. Lewis akarudi kwa hakimu, na hakimu akaagiza ijengwe hivi kwamba watoto na vikongwe waweze kupanda. Katika historia yote ya kuta za Uingereza sijui mtu aliyeelewa lango ni nini kumzidi huyo mpika bia.

Ukuta uliofichwa, ukuta wa matunda

Mnamo miaka ya 1720 mtindo ulianza kugeuka. Matajiri hawakutaka tena bustani iliyozungushiwa ukuta. Walitaka dirisha la sebule lione majani yakienda mpaka upeo wa macho, na ng'ombe na kondoo wakilisha kwa mbali. Lakini ng'ombe wasifike kwenye maua. Suluhisho lilikuwa haha: mtaro wenye ukuta wa wima upande wa nyumba na mteremko wa majani upande wa malisho. Ukitazama kutoka nyumbani huoni kitu. Ng'ombe akija anafika kwenye ukuta asioweza kuupanda. Mbunifu wa bustani Charles Bridgeman aliutumia sana huko Stowe, Buckinghamshire. Mtu aliyetazama kutoka barazani aliona nchi nzima kama yake, ilhali mpaka ulikuwa pale pale na imara.

Stowe hiyo hiyo ina lango ambalo ni tao kubwa la mtindo wa Kirumi, lililojengwa kati ya 1765 na 1767 kwa mchoro wa Thomas Pitt, lenye urefu na upana wa mita 18 hivi. Ndani ya nguzo zake nene kuna vyumba, na watu waliishi humo. Hili lilikuwa jambo la kawaida. Milki nyingi zilijenga nyumba mbili ndogo zinazofanana, moja kila upande wa lango, kwa ajili ya ulinganifu machoni mwa mgeni. Bawabu na familia yake walilala upande mmoja na kupika upande wa pili, na mvua ikinyesha walivuka barabara na chakula mkononi.

Ukuta wa matunda ni kitu kingine kabisa, na ni ufundi wa kupendeza. Bustani ya mboga na matunda ilizungushiwa ukuta wa matofali wa mita tatu au zaidi kwa sababu tofali hunyonya joto la jua mchana na kulitoa usiku. Mti wa pichi uliofunguliwa matawi na kupigiliwa kwenye ukuta unaotazama kusini uliweza kuzaa katika nchi isiyo na jua la pichi. Upande wa kaskazini, wenye kivuli, walipanda cheri chungu. Wengine walijenga ukuta wenye mianya ndani na kuwasha moto nyuma yake ili moshi wa joto upite katikati ya matofali usiku wa baridi kali. Ukiona ukuta wa zamani umejaa vitundu vidogo, ni alama za misumari iliyoshika matawi.

Huko Suffolk wanapenda ukuta unaokwenda kwa mawimbi. Ukuta ulionyooka wa unene wa tofali moja unaangushwa na upepo; ule wa mawimbi unajishikilia wenyewe kwa mapindo yake, bila nguzo za kuuegemeza. Kati ya mwaka 1784 na 1850 matofali yalitozwa kodi, hivyo kupunguza unene hakukuwa jambo dogo.

Kuhusu mageti yenyewe ya chuma nitasema machache. Mafundi wa Kiingereza walibadilika baada ya Jean Tijou, Mfaransa aliyekuja mnamo 1689, kufua mageti na vizuizi vya kasri la Hampton Court: majani na nyuso zilizopigwa kwa nyundo kutoka bati jembamba la chuma, zikaunganishwa na fito nene. Alichapisha michoro yake mwaka 1693 na mafundi wa kaunti wakaiga, kila mmoja kwa mkono wake. Vya namna hiyo vingi tumevipoteza. Katika Vita vya Pili vya Dunia serikali ilikusanya mageti na vyuma vya uzio ili viyeyushwe. Vyenye thamani ya kihistoria viliruhusiwa kubaki, lakini uamuzi ulifanywa kwa haraka, na mahali pengi utaona visiki vya chuma vilivyokatwa juu ya ukuta.

Ni jengo au ni pambo?

Leo linalowasumbua zaidi wenye nyumba hizo ni sheria. Uingereza ina orodha ya taifa ya majengo ya urithi, inayotunzwa na taasisi ya Historic England. Majengo hupangwa katika daraja la I, la II lenye nyota, na la II. Daraja la I ni takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa. Zaidi ya asilimia 90 yako daraja la II. Lango linaweza kuwa na ingizo lake lenyewe katika orodha, tofauti na la nyumba, na hata kuwa na daraja la juu kuliko nyumba.

Ugumu unaanza kwenye ukuta usiotajwa. Sheria ya mwaka 1990 inasema kwamba jengo likiorodheshwa, basi linalindwa pamoja na kila kilichoshikamana nalo, na pia kila kilichojengwa ndani ya kiwanja chake kabla ya tarehe 1 Julai 1948 na kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo ukuta wa bustani ambao haukuandikwa popote unaweza kuwa na ulinzi ule ule wa nyumba. Kiwanja kinaishia wapi, sheria haikusema. Mahakama imetoa vigezo vitatu: mpangilio wa majengo yenyewe ardhini, umiliki wa zamani na wa sasa, na matumizi. Ukuta wa mbuga ulio kilomita mbili kutoka jumbani kwa kawaida hauingii. Ukuta wa bustani ya matunda, hapo ndipo wanasheria hupata kazi. Anayebomoa bila kibali anatenda kosa la jinai, na anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Tena, mtu wa kawaida Uingereza anaruhusiwa kujenga ukuta wa mita mbili bila kuomba ruhusa ya mipango miji, au mita moja kando ya barabara. Mwenye nyumba iliyoorodheshwa hana ruhusa hiyo ndani ya kiwanja chake.

Kesi iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2020 inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo jembamba. Katika Idlicote House, Warwickshire, kulikuwa na vyungu viwili vya mapambo vya karne ya 18, vya madini ya risasi, vimewekwa juu ya nguzo fupi za mawe. Asili yake ni Wrest Park, Bedfordshire, na vilikuwa vimehamishwa nyumba hadi nyumba kabla ya kufika hapo mwaka 1973. Mwenye nyumba aliviuza mnadani mwaka 2009 kwa pauni 55,000. Baadaye halmashauri ikamwambia kwamba vilikuwa vimeorodheshwa tangu 1986, kwa hiyo vilikuwa jengo, na aliliondoa jengo bila kibali. Je, chungu ni jengo kwa kuwa orodha imekitaja? Mahakama ilisema mwenye mali ana haki ya kuhoji. Vitazamwe ukubwa wake, udumu wake mahali pale, na namna kilivyoshikamana na ardhi. Shauri likarudishwa kwa wakaguzi wa mipango lisikilizwe upya.

Naona mahakama ilikuwa sahihi kisheria. Hata hivyo mapambo ya juu ya nguzo za malango, yale mananasi ya mawe, mipira, na wanyama wa nembo za koo, ndiyo yanayobebeka kirahisi kuliko yote, na wezi wanalijua hilo.

Adui mwingine wa kuta hizi ni fundi mwenye nia njema. Zilijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini na huruhusu maji yaliyoingia ukutani kutoka tena kupitia kwenye viungo. Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824, na katika karne ya 20 kuta nyingi za zamani zilizibwa viungo kwa saruji kwa sababu ni ngumu na hukauka upesi. Maji yakashindwa kutoka kwenye viungo, yakatafuta njia ndani ya tofali lenyewe. Baridi ikaja, maji yakaganda, uso wa tofali ukabanduka. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu wanaujua ugomvi huu wa chokaa na saruji, ingawa kwao mharibifu ni chumvi na unyevu, si barafu. Dawa ni moja: kuikwangua saruji kwa uangalifu bila kuvunja kingo, kuziba upya kwa chokaa, na kuhakikisha vifuniko vya juu vya ukuta vinatupa maji nje. Uingereza kazi hiyo hufanywa kati ya majira ya kuchipua na mwanzo wa vuli, kwa sababu chokaa mbichi ikipigwa na baridi ya kuganda huharibika kabla haijashika. Ukuta wa kilomita kadhaa hutengenezwa kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana ukitembea kando yake utaona rangi ya viungo ikibadilika kila baada ya hatua kadhaa.